Jinsi ya kufuatilia historia ya mkanda wa WWE wa Uingereza bila kuchanganya mambo

Kitu cha kwanza kabisa, jua unafuatilia mkanda gani. Ukiandika "bingwa wa Uingereza mieleka" intaneti itakumwagia majina ya miaka sabini yote kwa pamoja, na hapo ndo wengi wanapopotea. Enzi za Joint Promotions, ile jumuiya ya mapromota iliyoanza 1952, kila uzito ulikuwa na bingwa wake wa Uingereza, kwa hiyo ukikuta Dynamite Kid alimvua Jim Breaks ubingwa mwaka 1977 akiwa na miaka 18 tu, ule ni wa uzito mwepesi, hauhusiani kabisa na mtu aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu mwaka huohuo. Halafu kuna RevPro, kampuni ya mieleka ya Uingereza, na mkanda wao wa uzito wa juu, huo AJ Styles na Zack Sabre Jr. wameuvaa, nao una historia yake peke yake. Sisi hapa tunashika ule wa WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, uliozaliwa 2017 ukafa 2022, na nakushauri uanze na huu maana ni mfupi na mlolongo wake hauna giza.

Chukua karatasi uandike nani kamvua nani, wapi, lini. Ndo hivo tu, usiandike kingine kwanza. Itakuja hivi: Desemba 2016 Triple H, mmoja wa mabosi wa WWE, anatangaza mashindano ya watu 16, tarehe 14 na 15 Januari 2017 yanapigwa Blackpool ndani ya Empress Ballroom, Tyler Bate anamfunga Pete Dunne fainali akiwa na miaka 19, bingwa wa kwanza. Tarehe 20 Mei 2017 Dunne anauchukua Chicago. Tarehe 5 Aprili 2019 Walter anamvua Dunne Brooklyn (huyu ndo Gunther wa sasa, usije ukadhani ni watu wawili). Tarehe 22 Agosti 2021 Ilja Dragunov anamfanya Walter agonge mkono kusalimu amri. Katikati ya 2022 Dragunov anaumia kifundo cha mguu anaachia mkanda, Bate anaushinda tena kwa kumpiga rafiki yake Trent Seven, na tarehe 4 Septemba 2022 Bron Breakker anampiga Bate, mkanda unaunganishwa na ule wa NXT (kipindi cha WWE cha wanamieleka chipukizi), basi. Jina nalo lilibadilika njiani, Januari 2020 ukaanza kuitwa mkanda wa NXT UK (tawi la NXT la Uingereza), lakini mlolongo ni uleule, usianzishe orodha mpya.

Sasa hesabu siku mwenyewe, usikopi tu. Mfano Walter: 5 Aprili 2019 mpaka 5 Aprili 2020 ni siku 366 kwa sababu Februari ya 2020 ilikuwa na tarehe 29, hapo wengi wanaandika 365 na hesabu yote inapinda. Mpaka 5 Aprili 2021 ongeza 365, unapata 731. Kutoka hapo mpaka 22 Agosti ni 25 za Aprili zilizobaki, 31 za Mei, 30 za Juni, 31 za Julai na 22 za Agosti, jumla 139. Weka pamoja ni 870. Fanya hivohivo kwa Dunne utapata 685, na kwa Bate wa mara ya kwanza 125. Ukishazipata ndo unaona kitu ambacho orodha peke yake haikuambii: ukiacha ule utawala wa mwisho wa Bate, Waingereza wawili, Bate na Dunne, wakijumlishwa wana siku 810, na Muaustria mmoja, Walter, amewapita. Mkanda wa Uingereza umekaa kiunoni kwa mgeni kuliko kwa wenyeji, na kwangu mimi hiyo ndo stori kubwa ya mkanda huu, inaeleza kwa nini kila aliyejaribu kumvua Walter mkanda watu walimwona kama mkombozi.

Angalizo la tarehe. Kipindi cha NXT UK, kilichoanza Oktoba 2018, kilikuwa kinarekodiwa kabla ya kurushwa, kwa hiyo pambano linaweza kuwa na tarehe mbili. Ule utawala wa pili wa Bate ukihesabu kuanzia siku lilipoonyeshwa pambano, 1 Septemba 2022, ni siku 3, ukihesabu kuanzia lilipopigwa kweli ni wiki kadhaa. Chagua njia moja uishike mwanzo mpaka mwisho na uandike juu ya karatasi umetumia ipi, la sivyo mtabishana na mtu mchana kutwa kumbe wote mko sahihi.

Kuhusu kuangalia, usijaribu kuona kila utetezi, hasa wa Dunne kabla ya Oktoba 2018, maana mkanda haukuwa na kipindi chake cha kila wiki na mapambano yametawanyika, ila lile la Zack Gibson ndani ya Royal Albert Hall Juni 2018 litafute. Bate na Dunne Chicago ni lazima, yaani hapo ndo watu wa nje ya Uingereza walianza kuuheshimu huu mkanda, na angalia Dunne anavyompinda mtu vidole kabla hajagusa kitu kingine. Halafu Cardiff, 31 Agosti 2019, Walter na Bate, dakika kama 42, tenga muda ukae utulie, usiruke mbele, kwa sababu udogo wa Bate mbele ya lile jitu unauhisi polepole.

Walter na Dragunov, ya kugombea mkanda huu, yako mawili. Anza na la Oktoba 2020, lililopigwa bila watazamaji kwa sababu ya korona, unasikia kila kofi kifuani linavyolia ukumbi ukiwa mtupu, Dragunov anapoteza. Ukimaliza, siku hiyohiyo weka la Agosti 2021.