Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza: mfano wa "school"

Hivi karibuni nilikaa na kijana anayetafsiri maelezo ya filamu za viumbe wa baharini. Alikuwa amekwama kwenye maneno "a school of fish". Programu ya tafsiri ilimpa "shule ya samaki". Alijua si sahihi, akaandika "kundi la samaki", lakini alitaka kuelewa samaki wanahusianaje na shule. Nilimpitisha hatua hizi, na naziandika hapa kwa sababu zinafaa kwa neno lolote la Kiingereza.

Hatua ya 1: Andika sentensi nzima

Usitafute neno tupu. Andika sentensi ulikolikuta, kisha utafute maana ya hapo tu.

Hatua ya 2: Hesabu vidahizo (maneno yanayofafanuliwa kwenye kamusi)

Anza na Etymonline, tovuti ya asili za maneno ya Kiingereza. Ni ya bure, imeandikwa kwa ufupi, na mwandishi wake, Douglas Harper, hutenganisha maneno yanayofanana kwa namba. Wiktionary, kamusi huria ya mtandaoni, naitumia baadaye, kwa orodha za lugha nyingine. Oxford English Dictionary ndiyo pana kuliko zote (ilianza kutoka vipande vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928), ila mtandaoni inalipiwa. Ukiwa mwanafunzi, uliza maktaba ya chuo chako. Picha zenye "je, wajua?" zinazosambaa WhatsApp ziache kabisa. Ndizo zinazodai kwamba "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia, wakati ni wingi wa "new" tu, yaani mambo mapya.

Ukitafuta "school" utakuta vidahizo viwili vyenye namba tofauti. Namba zikiwa mbili, ujue ni maneno mawili yaliyokutana kwenye tahajia moja, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Lile la samaki limetoka Kiholanzi cha zamani, schole, yaani kundi au umati. Neno "shoal", ambalo nalo ni kundi la samaki, ni la ukoo huohuo. School hii ya samaki haihusiani kabisa na darasa. Swali la kijana lilijibiwa hapo, lakini sisi tuendelee na school ya wanafunzi.

Hatua ya 3: Tenganisha wazazi na ndugu

Hapa ndipo saa zinapopotea, kwa hiyo soma polepole.

Chini ya "school" utaona neno la Kilatini schola na la Kigiriki skholē. Halafu linafuata rundo: école ya Kifaransa, escuela ya Kihispania, Schule ya Kijerumani, ysgol ya Kiwelishi, shkola ya Kirusi. Msomaji mgeni huyapanga yote kwenye mstari mmoja, akaishia kuamini kwamba Kiingereza kilichukua kwa Wajerumani, nao wakachukua kwa Wafaransa. Sivyo. Kilatini na Kigiriki ni wazazi. Hao wengine ni ndugu, kila mmoja amefika kwake kwa njia yake.

Chukua karatasi na kalamu. Mimi siamini kazi hii kwenye skrini, maana ukiteremsha ukurasa mnyororo unakutoka kichwani. Kila unapoona "from", chora mshale wa kushuka. Kila unapoona "cognate with" (ndugu wa) au "source also of", andika neno hilo pembeni, bila mshale. "Compare" haidai ukoo wowote. Inakuambia tu ukaangalie na kule.

Kisha kuna kinyota. Neno lililotanguliwa na * halijawahi kuonekana kwenye maandishi yoyote. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha wajukuu wake. Ni kazi ya kisayansi na ina uzito, lakini usimwambie msomaji wako kwamba watu wa kale "waliandika" hivyo.

Jambo la mwisho hapa, na ndilo gumu kuliko yote: kufanana si ushahidi. "Have" ya Kiingereza na habere ya Kilatini zote zina maana ya kuwa na kitu, na zinafanana kwa sura, lakini si ndugu. Ushahidi ni sauti zinazolingana kwa utaratibu. H ya Kiingereza mwanzoni mwa neno la asili hulingana na c ya Kilatini: heart na cor (moyo), hundred na centum (mia), horn na cornu (pembe). Kwa hiyo ndugu wa "have" ni capere, kushika. Mfano mwingine ni okul, shule kwa Kituruki. Ukiiona karibu na école utaapa ni moja, kumbe limejengwa juu ya oku-, mzizi wa kusoma, wakati wa mageuzi ya lugha ya karne ya 20, ingawa huenda walioliunda waliiangalia école pia. Lilichukua nafasi ya mektep, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na kitabu, katibu na maktaba zetu.

Hatua ya 4: Fuata maana, si umbo tu

Skholē ilikuwa wasaa, muda usio wa kazi. Waliokuwa na wasaa waliutumia kujadiliana. Neno likawa jina la majadiliano, kisha mhadhara, kisha mahali pa mhadhara na wafuasi wa mwalimu mmoja. Ndiyo maana hadi leo "school of thought" (mkondo wa fikra) haina jengo. Warumi nao walikuwa na ludus, neno lililobeba mchezo na shule ya watoto kwa pamoja.

Angalizo la tarehe: mwaka au karne unayopewa ni ya andiko la zamani zaidi lililopatikana. Neno lingeweza kusemwa muda mrefu kabla ya hapo.

Hatua ya 5: Lirudishe kwenye Kiswahili

Hatua hii wengi huiruka, nami naipenda kuliko zote. Shule imetoka kwa Schule, enzi ya Wajerumani Tanganyika, walipofungua shule za serikali kama ile ya Tanga miaka ya 1890. Zanzibar, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza kuanzia 1890, ikapata skuli kutoka "school". Ndugu wawili wa Ulaya wakakutana kwetu, mmoja bara na mwingine visiwani. Usihitimishe kwa ramani peke yake, hata hivyo: Kenya ilitawaliwa na Waingereza na bado husema shule. Na ingawa Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, kwenye usanifu ni shule iliyoshinda.

Ukitaka kupima neno mkopo la namna hii, fungua kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya 1882, iliyotoka kabla ya utawala wa Wajerumani, uilinganishe na ya Johnson ya 1939, uone neno limeingia lini.

Hatua ya 6: Andika matokeo kwa ufupi

Ya kwetu yalitoka hivi:

school (1), shule: Kigiriki skholē "wasaa" → Kilatini schola → Kiingereza cha Kale scōl. Ndugu: Schule, école. Kwa Kiswahili: skuli kupitia Kiingereza, shule kupitia Kijerumani.

school (2), kundi la samaki: Kiholanzi cha zamani schole. Ndugu: shoal.