Jinsi ya Kutengeneza Teji, Pombe ya Asali ya Ethiopia

Teji ni asali, maji na mti uitwao gesho, basi. Ukiona mtu anaongeza sukari na rangi ya manjano, ujue anabana gharama. Hata Addis Ababa kwenyewe teji ya namna hiyo imejaa kwenye vilabu vya bei rahisi, na kichwa kitakueleza asubuhi.

Gesho (Rhamnus prinoides) ndiyo inayoitenga teji na pombe nyingine za asali. Muratina ya Wakikuyu, kwa mfano, huchachushwa kwa tunda la mwegea. Gesho huleta uchungu unaokata utamu wa asali, kama hopsi zinavyofanya kwenye bia. Huuzwa kwa namna mbili: inchet, yaani vijiti vilivyokatwakatwa, na kitel, yaani majani. Majani hutumika zaidi kwenye tela, pombe ya nafaka. Kwa teji nunua vijiti. Waulize wenye maduka ya Wahabeshi, kama yale ya Eastleigh, Nairobi. Mti wenyewe unaota pia nyanda za juu za Kenya, na Wakikuyu huuita mukarakinga, lakini usichume kichakani kama huutambui vizuri.

Kwa kuanzia, pima asali lita 1 (karibu kilo 1.4), maji lita 4, na vijiti vya gesho gramu 150. Wapo wanaotumia maji sehemu tatu kwa asali moja. Hiyo huwa tamu na nzito, na chachu huchelewa kumaliza kazi, kwa hiyo mgeni abaki na nne. Chombo kiwe cha lita 7 au 8 ili povu lipate nafasi: mtungi wa udongo, wa kioo, au ndoo ya plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini usiiguse, maana pombe ina asidi na itaila.

Asali ndiyo inayoamua mambo. Tafuta mbichi, isiyopitishwa motoni, ikiwa na vipande vya sega ndani yake ni bora zaidi, kwa sababu chachu ya asili imo humo. Asali ya miombo ya Tabora hutoa teji nyeusi kidogo yenye harufu nzito, nayo inafaa kabisa. Ya nyuki wadogo wasiouma iache kwa matumizi mengine: ni nyepesi, ina uchachu wake, na bei yake haifai kumwagwa ndoo nzima.

Maji ya bomba yachemshe kwanza ili klorini itoke, kisha yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Koroga asali humo mpaka isibaki chini. Ukiitia kwenye maji ya moto umeua chachu, na utangoja povu ambalo haliji. Funika kwa kitambaa safi, funga kwa kamba, weka mahali penye joto na kivuli. Siku ya pili au ya tatu vipovu vidogo huanza kupanda pembeni na masega huelea juu. Sogeza sikio utasikia mchemko mdogo.

Hapo chota lita 1, chemsha pamoja na gesho kwa dakika 15, acha ipoe kabisa, kisha rudisha yote ndani, vijiti na maji yake. Kilichobaki ndooni bado kina chachu hai, kwa hiyo hupotezi kitu. Kuanzia hapo koroga mara moja kwa siku kwa mwiko safi. Vijiti hupenda kuelea, na visipozamishwa hukauka juu na kuota ukungu. Kuanzia wiki ya pili funga chombo kwa kifuniko kilicholegea, gesi itoke lakini hewa isiingie ovyo. Onja: uchungu ukitosha, toa vijiti. Vikikaa sana teji hukwaruza koo, na hakuna dawa ya hapo ila kuongeza asali na kungoja tena.

Chuja kwa kitambaa, iache itulie wiki moja au mbili nyingine, kisha mimina taratibu ukiacha mashapo chini. Mashapo hayo yatunze kwenye friji, ndiyo kianzio cha ndoo ijayo.

Siku nne zikipita bila povu, asali ilichemshwa kiwandani au pana baridi. Hamisha mahali penye joto, tia konzi ya zabibu kavu. Hamira ya mkate inafanya kazi, ila ladha ya mkate haitoki. Harufu ya siki maana yake hewa imeingia mno. Hiyo sasa ni siki, itumie jikoni. Povu jeupe halina neno. Manyoya ya kijani au meusi juu yake, mwaga.

Teji iliyoiva huwa na kilevi cha asilimia 7 hadi 11, ingawa mdomoni ni kama juisi, ndiyo maana berele inayonywewa, chupa ndogo ya shingo ndefu, haimezi kingi. Ukiiweka kwenye chupa usiijaze hadi mdomoni wala kukaza kifuniko: sukari iliyobaki huendelea kuchacha na kioo hupasuka. Iweke kwenye friji, na legeza kifuniko kila baada ya siku mbili hadi isifyonye tena.