Kusakinisha na kusasisha programu kwenye Windows, Ubuntu na Mac bila kumaliza bando

Kusakinisha programu ni kazi ya siku moja. Kazi yenyewe huja katika miezi inayofuata. Nani atakumbuka kwamba programu ya kufungua mafaili ya zip, iliyoletwa na flashi miaka mitatu iliyopita, ina toleo jipya? Mwaka 2023 wadukuzi walitumia tundu la usalama ndani ya WinRAR kuingiza programu hasidi kwenye kompyuta za watu. Toleo la 6.23 lililotoka Agosti mwaka huo lililiziba tundu hilo, ila WinRAR haijisasishi yenyewe. Kwa hiyo mwenye toleo la zamani alibaki wazi mpaka mtu aje kuisasisha kwa mkono.

Ndiyo maana napima urahisi wa mfumo endeshi kwa swali moja: je, ndani ya mashine kuna orodha inayojua kila programu imetoka wapi, na inayoweza kuzisasisha zote kwa amri moja? Debian, mfumo wa Linux ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ilikuwa na jibu tangu 1999, pale APT, zana yake ya kusimamia programu, ilipotoka pamoja na toleo lake la 2.1, na Ubuntu ikarithi. Watumiaji wa Mac walipata Homebrew, zana ya aina hiyo hiyo, mwaka 2009 na Mac App Store Januari 2011. Windows ndiyo iliyochelewa: winget, zana ya Microsoft ya kusakinisha na kusasisha programu kwa amri, ilifikia toleo la 1.0 Mei 2021, na hadi leo nakutana na mafundi wazoefu wasioijua ingawa imo kwenye mashine wanazozishika kila siku. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye Windows.

Hatua ya 1: Jua kilichomo kabla ya kuongeza kitu

Kwenye Windows 11, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, kisha chagua Terminal. Kwenye Windows 10 utaona Windows PowerShell, nayo inafaa. Andika:

winget list

Mara ya kwanza itakuuliza kama unakubali masharti, jibu Y. Itatoa orodha ya programu zilizomo, hata zile ambazo hazikuletwa na winget. Ukiambiwa amri haijulikani, fungua Microsoft Store, tafuta App Installer, uisasishe, kisha ujaribu tena.

Isome orodha hiyo kwa utulivu. Utakuta vitu ambavyo hakuna anayevitumia: vipau vya kivinjari, "visafishaji" vya kompyuta, antivirusi mbili zinazogombana. Ondoa usichokihitaji kwa winget uninstall ikifuatiwa na jina. Programu isiyokuwepo haihitaji kusasishwa, na haili bando.

Kwenye Ubuntu, fungua Terminal; amri ya kuangalia ni apt list --installed, lakini orodha yake ni ndefu mno kwa sababu inataja hata vipande vidogo vya mfumo. Tumia apt-mark showmanual. Iko karibu zaidi na kile ulichokiomba wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Windows, kusakinisha kwa winget

Tuseme unataka VLC. Usiende kuitafuta kwenye mtandao na kubofya kiungo cha kwanza, maana mara nyingi cha kwanza ni tangazo, na tangazo linaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa bandia unaofanana kabisa na ule halisi. Andika:

winget search vlc

Matokeo yatakuwa na safu ya Name na safu ya Id. Majina yanafanana, vitambulisho havifanani. Tumia kitambulisho:

winget install --id VideoLAN.VLC -e

Ile -e mwishoni inaiambia winget ichukue kilichoandikwa hivyo hivyo, isikisie. Faili likishapakuliwa, winget hulinganisha alama yake ya hashi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili, na ile iliyoandikwa kwenye ghala, yaani orodha ya mtandaoni ambamo programu zimesajiliwa, na zisipolingana husimamisha usakinishaji. Ukaguzi huo ni wachache sana wanaoufanya kwa mkono, na kwangu ndio sababu kubwa ya kutumia njia hii.

Vitambulisho vingine ninavyovitumia mara kwa mara ni Mozilla.Firefox, 7zip.7zip na TheDocumentFoundation.LibreOffice.

Hatua ya 3: Windows, kusasisha

winget upgrade

Hii haibadilishi kitu. Inaonyesha tu zilizopitwa na wakati, toleo lililopo na toleo linalopatikana. Iangalie kwanza. Ukiridhika:

winget upgrade --all

Kuna programu ambazo hutaki ziguswe bila kupanga. Mfano wa kawaida ni programu ya uhasibu inayozungumza na mashine ya risiti za kodi: toleo jipya likivunja mawasiliano hayo mchana wa kazi, duka linasimama. Ishikilie mahali pake:

winget pin add --id KITAMBULISHO

Weka kitambulisho cha programu husika badala ya neno hilo la mwisho. Kuanzia hapo --all itairuka. Lakini usiisahau, panga siku ya kuisasisha mkiwa mmefunga, na nakala ya data ikiwa pembeni.

Zingatia pia kwamba winget haisasishi Windows yenyewe. Hiyo bado ni kazi ya Windows Update, ambayo masasisho yake makuu ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Na kwa wenye Windows 10: msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. winget itaendelea kusasisha Firefox na VLC juu yake, lakini mfumo wenyewe hautazibwa matundu isipokuwa mashine iwe kwenye mpango wa nyongeza wa Microsoft. Kama kompyuta haikidhi masharti ya Windows 11 na kazi yake ni kivinjari na barua, Ubuntu ni njia ya heshima kabisa ya kuendelea kuitumia.

Hatua ya 4: Ubuntu, amri mbili ambazo watu huzichanganya

sudo apt update
sudo apt upgrade

Ya kwanza haisasishi programu yoyote. Inaleta tu orodha mpya kutoka ghalani. Ya pili ndiyo inayoleta programu zenyewe. Ukiruka ya kwanza, ya pili itafanya kazi kwa orodha ya zamani na kukuambia kila kitu kiko sawa. Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi, hivyo utaulizwa nenosiri; unapoliandika hutaona herufi wala nyota. Andika tu na ubonyeze Enter.

Kinachonifanya niipende apt hasa kwa mazingira yetu ni kwamba kabla ya kuanza inakuambia itapakua megabaiti ngapi, kisha inasubiri jibu lako. Kama ni megabaiti 40, endelea. Kama ni 600 na bando limebaki nusu giga, jibu n na usubiri bando la usiku. Kusakinisha ni hivyo hivyo, na unaweza kuomba kadhaa kwa mstari mmoja:

sudo apt install vlc gimp libreoffice

Vifurushi vya programu vya ghala la Ubuntu huthibitishwa kwa saini ya kidijitali. Ghala moja linabeba mfumo na programu pamoja, kwa hiyo amri hizo mbili zinatosha kwa karibu kila kitu, ikiwemo kiini cha mfumo.

Nimesema karibu kwa sababu ya Snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kuleta programu. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox haiji kwa apt bali kwa Snap, na Snap hujisasisha yenyewe kimyakimya. Kwa kawaida huchungulia mara nne kwa siku. Hilo ni jema kwa usalama na ni baya kwa anayetumia intaneti ya simu. Usiizime; ipangie muda:

sudo snap set system refresh.timer=fri,23:00-01:00

Na kama laptopu inapata mtandao kutoka kwenye simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi na uutie mtandao huo alama ya kupimwa, yaani Metered. Kisha:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Windows nayo ina alama kama hiyo, Metered connection, ndani ya mipangilio ya mtandao. Iwashe kwa kila mtandao wa simu, nayo itazuia sehemu kubwa ya upakuaji wa masasisho.

Hatua ya 5: Umeme ukikatika katikati

Hili hutokea, na mtu akikutana nalo mara ya kwanza hudhani mashine imekufa. Umeme ukikatika wakati apt inasakinisha, washa kompyuta kisha fuata mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyoachwa njiani, ya pili inaleta vilivyopungua. Mara nyingi sana hapo ndipo tatizo linapokwisha.

Ujumbe mwingine unaotisha ni ule unaosema apt imeshindwa kupata kufuli, ukitaja lock-frontend. Maana yake kuna kazi nyingine ya kusasisha inayoendelea nyuma ya pazia, kwa kawaida masasisho ya usalama ya moja kwa moja. Subiri dakika chache. Kuna ushauri umesambaa sana wa kulifuta faili hilo la kufuli. Usiufuate, kwa sababu kazi mbili zikiandika kwenye hifadhidata ile ile kwa pamoja zinaweza kuiharibu.

Kwenye Windows na Mac, kinga ni kutosasisha mfumo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), na laptopu iwe na chaji ya kutosha.

Hatua ya 6: Mac, kwa ufupi

Mfumo wenyewe unasasishwa kupitia System Settings, General, Software Update. Programu za App Store zinajisimamia. Shida ni zile ulizozipakua kama faili la dmg na kuziburuta hadi Applications: kila moja ina utaratibu wake, na nyingine hazina utaratibu wowote. Kwa hizo weka Homebrew. Amri ya kuiweka uinakili kutoka brew.sh, isiwe kutoka ukurasa mwingine wowote. Ujiandae, kwani italeta pia zana za Apple za waandishi wa programu, na hizo ni nzito. Ikimaliza kwenye Mac yenye chipu ya Apple, itakuonyesha mistari michache ya kuendesha ili amri ya brew itambulike. Wengi huiruka mistari hiyo kisha wanashangaa. Baada ya hapo:

brew install --cask vlc
brew update
brew upgrade
brew cleanup

Programu zinazojisasisha zenyewe, brew huziruka. Ukitaka nazo ziingie, ongeza --greedy kwenye upgrade. Amri ya mwisho inafuta mafaili ya zamani, na kwenye Mac yenye diski ya giga 256 utaushukuru uamuzi huo.

Hatua ya 7: Kompyuta nyingi, kupakua mara moja

Maabara ya shule yenye kompyuta 20 ikisasisha LibreOffice kila moja kivyake, unalipia faili lile lile mara 20. Mifumo yote mitatu ina dawa.

Windows: Settings, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization. Ruhusu kupakua kutoka kompyuta nyingine, lakini chagua zile za mtandao wa ndani pekee. Ukiruhusu na za intaneti, mashine zako zitapeleka masasisho kwa watu usiowajua, kwa bando lako. Kwa programu za winget, pakua mara moja na uhifadhi kwenye flashi:

winget download --id TheDocumentFoundation.LibreOffice -e -d D:\programu

Mac: System Settings, General, Sharing, kisha washa Content Caching kwenye Mac moja iliyounganishwa kwa kebo. Itahudumia hata iPhone na iPad za jengo hilo.

Ubuntu: chagua kompyuta moja isiyozimwa, yenye anwani isiyobadilika, na uweke humo ghala dogo:

sudo apt install apt-cacher-ng

Itakapouliza kuhusu kuruhusu "HTTP tunnels", jibu No. Kwenye kila kompyuta nyingine, tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mistari hii miwili, ukibadilisha anwani iwe ya kompyuta yako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";

Mstari wa pili ni muhimu kwa maghala ya nje yanayotumia HTTPS, kwa mfano la Google Chrome. Bila huo yatagoma. Ya kwanza kusasishwa itapakua kutoka intaneti. Zilizobaki zitachukua kutoka kwa jirani yao kwa kasi ya kebo, na utaiona tofauti papo hapo. Faili hilo uliweke kwenye kompyuta za mezani tu. Laptopu ya mwalimu ikienda nalo nyumbani, apt itaitafuta seva ambayo haiko huko na itashindwa kusasisha chochote.