Faili moja la Markdown, programu tatu: andika maandishi yasiyovurugika ukiyahamisha

Markdown aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, yaani namna ya kupangilia maandishi kwa alama rahisi kama `#` na `-`, ilikuwa maelezo mafupi na programu moja ya Perl. Maelezo hayo yaliacha mengi wazi, na kila aliyetengeneza programu nyingine aliziba mapengo kwa namna yake. Mwaka 2014 John MacFarlane na wenzake walitoa CommonMark, kanuni za kina zenye mifano zaidi ya 600, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, wakajenga toleo lao (`gfm`) juu yake. Pandoc, programu ya kubadilisha nyaraka kutoka muundo mmoja hadi mwingine, na Python-Markdown, ambayo ndiyo iliyo ndani ya MkDocs, zana ya kutengeneza tovuti za nyaraka, bado zina njia zao. Kwa Markdown maandishi yoyote ni halali, kwa hiyo hakuna programu itakayokuonya. Utakuta tu orodha imebomoka.

Hatua ya 1: Weka zana

Sakinisha Pandoc, kisha `pip install markdown`. Pandoc inatosha kwa sehemu kubwa, maana inaweza kusoma faili kwa kanuni za matoleo mbalimbali.

Hatua ya 2: Jaribu orodha

Hapa ndipo nyaraka nyingi huharibika, kwa hiyo usiiruke. Hifadhi maandishi haya kama `jaribio.md`:

```
Mahitaji ya pilau:
- mchele
- viungo
  - iliki
  - bizari
- nyama
```

Endesha amri hizi moja moja:

```
pandoc -f gfm jaribio.md
pandoc -f markdown jaribio.md
python -m markdown jaribio.md
```

Ya kwanza, kwa kanuni za GitHub, inatoa orodha safi yenye orodha ndogo ndani yake. Mbili zilizobaki zinatoa aya moja, vistari vimezagaa katikati ya maneno. Zinadai mstari mtupu kabla ya orodha, na zina hoja: kistari au namba inaweza kuangukia mwanzo wa mstari kwa bahati tu. Tazama:

```
Tanganyika na Zanzibar ziliungana mwaka
1964. Jina Tanzania lilikuja baadaye.
```

CommonMark inajikinga na hili kwa kanuni nyingine: orodha ya namba haiwezi kukatiza aya isipokuwa ianze na 1.

Sasa ongeza mstari mtupu chini ya "Mahitaji ya pilau:" na urudie. Pandoc imenyooka, lakini Python-Markdown imeweka iliki na bizari ngazi moja na mchele, kwa sababu inataka nafasi nne, si mbili. CommonMark hupima kwa kuangalia neno la kwanza la kipengele cha juu limeanzia wapi: chini ya `- ` nafasi mbili zinatosha, chini ya `1. ` zinahitajika tatu. Nafasi nne zinakubalika na zote tatu. Zizoee, pamoja na mstari mtupu.

Hatua ya 3: Kata mistari

Ukiandika ubeti wa shairi na kubonyeza Enter mwisho wa kila mshororo, ubeti utatoka kama aya ya kawaida. GitHub huheshimu Enter kwenye maoni, lakini si kwenye README, faili la kutambulisha mradi. Alama ya `\` mwishoni mwa mstari hufanya kazi kwenye CommonMark na Pandoc. Python-Markdown huiacha ionekane. Nafasi mbili mwishoni zinakubalika kote, ila vihariri vingi huzifuta unapohifadhi, kwa hiyo zima mpangilio huo kwa faili za `.md`.

Hatua ya 4: Linda ng'

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili hili ni muhimu. Pandoc, kwa chaguo lake la kawaida, hugeuza alama iliyonyooka ya ng'ombe kuwa ile iliyopinda. Ukitafuta neno hilo kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno, kwenye HTML iliyotoka, hulipati. Tumia `-f markdown-smart`, ambapo kistari kabla ya "smart" kinazima tabia hiyo. Wanaoandika ng\`ombe waache kabisa: mbili za namna hiyo katika aya moja hugeuza kila kilicho kati yake kuwa msimbo.

Hatua ya 5: Mambo madogo

Weka nafasi baada ya `#` ya kichwa. CommonMark haikubali `#Utangulizi`. Majedwali hayamo kwenye CommonMark yenyewe, na Python-Markdown huyahitaji yawashwe kwa `-x tables`. Jina kama `faili_la_mwisho` liweke ndani ya alama za msimbo, kwa kuwa Markdown ya awali hulaza herufi zilizo kati ya mistari hiyo ya chini.

Hatua ya 6: Linganisha kabla ya kuchapisha

Kwenye Bash:

```
diff <(pandoc -f gfm -t plain makala.md) \
     <(pandoc -f markdown-smart -t plain makala.md)
```

Kila mstari utakaotokea ni mahali ambapo programu hazikubaliani. Rekebisha, endesha tena, mpaka amri isitoe kitu. Kwa kuwa Pandoc haiigizi Python-Markdown, anayechapisha kwa MkDocs amalizie na `mkdocs serve` na kuzikagua orodha kwa macho.