Kuizoea pampu ya insulini

Ndani ya pampu mna insulini ya haraka peke yake, inayoingia mwilini kidogo kidogo usiku na mchana. Ile ya muda mrefu huachwa. Lielewe hili kabla ya jingine lolote: mrija ukiziba au kanula (kijibomba chembamba kinachoingiza insulini chini ya ngozi) ikichomoka, chini ya ngozi hakuna akiba ya kukushikilia, na ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) hupanda ndani ya saa chache tu, hata kama hujala kitu.

Kwa hiyo ukikuta sukari imevuka 14 mmol/L (250 mg/dL) bila sababu unayoijua, pima ketoni za damu papo hapo. Zikiwa chini ya 0.6 mmol/L, toa dozi ya kushusha kwa pampu, kisha pima sukari tena baada ya saa moja hadi mbili. Isiposhuka, au ketoni zikiwa 0.6 na kuendelea, usiiamini pampu: jidunge kwanza kwa kalamu ya insulini, ndipo ubadilishe kanula, mrija na insulini. Wengi hubadilisha kanula kisha wakarudia dozi kwa pampu ileile, na muda unazidi kupotea. Ketoni zikifika 1.5, wapigie simu wanaokutibu. Zikifika 3, au ukitapika, nenda hospitali bila kungoja.

Kanula ya plastiki hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Fanya hivyo asubuhi au kabla ya mlo, kamwe si wakati wa kulala, kwa sababu kanula iliyojikunja haionekani kwa macho. Sukari ya saa mbili baadaye ndiyo itakayokuambia. Acha insulini iliyotoka kwenye friji ipate joto la chumba, uivute polepole, ugonge kichupa cha pampu ili mapovu yapande juu uyasukume nje. Jaza mrija mpaka tone litokee nchani, na mrija huo usiwe umeunganishwa na mwili. Chagua tumbo (mbali na kitovu kwa sentimita 5), paja au kalio, na usogee angalau sentimita 2 au 3 kutoka tundu la mwisho. Ngozi iliyovimba na kuwa ngumu iache ipumzike, hata kama hapo hapaumi. Hapo insulini hunywewa bila mpangilio.

Dozi za kuanzia hupangwa na daktari. Kwa kawaida jumla ya insulini uliyokuwa ukitumia kwa siku hupunguzwa kwa 10 hadi 25%, na takribani nusu ya kinachobaki huwa dozi ya msingi, yaani ile inayoingia kidogo kidogo usiku na mchana. Mfano: yuniti 48 zikipunguzwa robo hubaki 36, nusu ni 18, yaani 0.75 kwa saa.

Kuipima dozi ya msingi, ruka mlo mmoja, saa 4 au zaidi baada ya dozi ya mwisho ya chakula, ukipima sukari kila saa. Ikipanda au kushuka zaidi ya 1.7 mmol/L, kiwango cha saa hizo kinahitaji kurekebishwa. Ikishuka chini ya 4 mmol/L, acha jaribio, ule au unywe kitu chenye sukari ili kuipandisha.

Wakati wa kuoga unaweza kuivua pampu, lakini isipite saa moja. Kwenye mashine ya MRI (ya kupiga picha za mwili kwa sumaku kali) ivue daima na uiache nje ya chumba.

Kila utokapo, beba kalamu ya insulini ya haraka, kanula ya akiba, vipimo vya ketoni, betri au chaja, na karatasi yenye mipangilio yako yote. Omba pia kliniki ikuandikie dozi ya insulini ya muda mrefu utakayodunga endapo pampu itaharibika.