Vipovu kwenye sampu ya tangi la maji ya chumvi: anza kwenye bomba la kushushia

Unajua hali ile ambayo tangi linaonekana kama soda imefunguliwa sasa hivi, vipovu vidogo kama vumbi vinatoka na maji ya pampu, vinapita mbele ya kioo, vingine vinaganda kwenye matumbawe, na ukifungua kabati huku chini unasikia sampu (tangi dogo la chini linalopokea maji ya tangi kubwa, yanasafishwa na pampu inayarudisha juu) inaguguma tu mchana na usiku. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kujaza sponji kwenye sampu. Sponji itasaidia siku nne tano, alafu inajaa uchafu, maji yanapita pembeni na vipovu vinarudi vilevile. Hewa imeingia kule juu maji yanapoanza kushuka kwenye bomba la kushushia, lile linaloyatoa tangi kubwa mpaka sampu, kwa hiyo ukiizuia hukohuko hutahangaika sana huku chini.

Kabla hujakata bomba lolote hakikisha kwanza vipovu vinatoka wapi maana vyanzo viko zaidi ya kimoja. Zima skima (kifaa kinachotumia vipovu kutoa uchafu majini) nusu saa, chukua tochi umulike mdomo wa pampu ya kurudisha maji. Vikiisha basi ni skima, na kama skima ni mpya ipe wiki moja mbili, zikiwa mpya huwa zinatema vipovu vingi kisha zinatulia. Angalia pia kina cha maji kwenye chumba cha pampu, kikishuka kwa sababu ya maji kukauka pampu inavuta hewa yenyewe, hapo ongeza maji yasiyo na chumvi (chumvi haikauki, inabaki tangini) na mambo yameisha. Maungio upande wa kuvutia wa pampu nayo yakiwa na kiupenyo kidogo tu yanavuta hewa bila kuvuja hata tone nje, kwa hiyo kutoona maji chini sio ushahidi kwamba pako sawa.

Ukishaona vipovu vinamiminika kutoka bomba la kushushia, sasa tuingie kazini.

Maji yakishuka kwenye bomba lililo wazi hayajazi bomba lote, yanazunguka ukutani na katikati inapita hewa, vinafika chini pamoja na kupigana na maji ya sampu. Na kwenye maji ya chumvi vipovu ni vidogo na haviungani haraka kama kwenye maji yasiyo na chumvi, ndo maana vinachelewa kupanda na vinafika mpaka kwenye pampu. Kwa hiyo unataka vitu viwili tu, hewa kidogo iingie, na ile iliyoingia ipate njia ya kutoka kabla ya kufika sampu.

Anza na mwisho wa bomba. Uzame sentimita 2 mpaka 3 chini ya maji, basi. Mimi niliwahi kulishusha langu mpaka karibu na sakafu ya sampu nikidhani litanyamaza, kumbe kila umeme ukikatika na kurudi hewa iliyobaki ndani inakosa pa kutokea, bomba linakoroma na maji kwenye tangi kubwa yanapanda mpaka ukingoni. Nilikata kipande, tatizo likaisha siku hiyohiyo. Ukiweza weka tii (kiungio cha umbo la T) mwishoni, mdomo mmoja uangalie juu ukiwa wazi juu ya maji, mwingine uangalie chini ndani ya maji, hewa inatokea juu, maji yanaendelea chini kwa upole. Na kona kali za elbo ya nyuzi 90 zipunguze, tumia mbili za nyuzi 45, maji yanateleza badala ya kugonga.

Kama una bomba moja tu la kushushia, lile lenye kofia juu na kitundu cha hewa, cheza na kitundu. Kikiwa kikubwa hewa inaingia nyingi, kikiwa kidogo sana bomba linajaa na kuvuta ghafla kama choo kinavyoflashi, maji yanapanda yanashuka bila kutulia. Ingiza kimrija cha hewa chenye kikoki kidogo hapo juu ili urekebishe taratibu. Lakini bomba moja USILIBANE kwa valvu huku chini, naomba sana, konokono mmoja tu akiingia umefurika nyumba.

Wenye mabomba mawili au zaidi ndo mna dawa ya kweli, saifoni kamili, yaani bomba moja linajaa maji tupu bila hewa na la pili linakaa la dharura. Weka geti valvu (ile ya kuzungusha mizunguko mingi) kwenye lile la kwanza, sio bolvalvu (ile ya mkono unaougeuza robo tu), maana bolvalvu ukiigusa kidogo tu imeruka mbali lakini geti valvu unairekebisha kwa robo mzunguko. Fungua valvu yote, washa pampu, subiri hewa itoke. Alafu anza kubana, robo mzunguko, subiri dakika moja, sikiliza. Mwanzo linaguguma, ukiendelea linafyonza kama mtu anamalizia juisi kwa mrija, alafu kuna hatua moja linakaa kimya ghafla na maji kwenye boksi la juu (kile kisanduku cha tangini maji yanapoingilia mabomba) yanaanza kupanda polepole. Hapo legeza kidogo tu mpaka maji yasimame sentimita kadhaa chini ya mdomo wa bomba la dharura. Ukiangalia sampu sasa utaona maji yanatoka bila povu hata moja, raha sana.

Bomba la dharura halipewi valvu kamwe. Na lijaribu: funga valvu ya saifoni yote huku mkono uko kwenye swichi ya pampu, uone kama la dharura linabeba maji yote peke yake. Kisha fungua, zima pampu, angalia kama sampu inameza maji yote yanayorudi bila kumwagika, washa tena uone saifoni inajianzisha yenyewe ndani ya dakika moja mbili. Isipojianzisha, mara nyingi mwisho wa bomba umezama sana, rudi kule juu nilikosema. Baada ya wiki kadhaa utaona kiwango kinasogea kwa sababu ya mwani ndani ya bomba, gusa valvu kidogo tu.

Vipovu vichache vitakavyobaki malizia sampuni. Soksi ya chujio ya maikroni 200 inavivunja vizuri, ila uibadilishe kila siku 3 au 4, ikiziba maji yanamwagika juu yake na umerudi palepale. Vizuizi vya kioo vinavyogawa sampu kabla ya chumba cha pampu viwe vitatu, maji yapite juu, chini, juu, na nafasi kati yake iwe kama sentimita 2.5, ukizibana sana maji yanaenda kasi na kuburuta vipovu. Kizuizi cha mwisho kisiwe na maporomoko, maji ya chumba cha pampu yakiwa chini sana yanaanguka pale na kutengeneza vipovu vipya, nimeona watu wametengeneza bomba vizuri kabisa wakaharibiwa na hapo tu.

Ukimaliza acha usiku mzima, mabomba mapya hung'ang'ania vipovu ukutani siku za mwanzo. Asubuhi mulika tena mdomo wa pampu na tochi ileile, ukiona bado kuna mstari mwembamba wa vipovu unaingia, zima skima kwanza kabla hujagusa valvu.