Somo: Kesi Yako Ifunguliwe Mahakama Gani Mombasa?

Hunijia watu waliokwisha kulipa ada na kupoteza miezi mingi, kisha wakaambiwa kwamba mahakama waliyoiendea haina mamlaka ya kusikiliza shauri lao. Jambo hili huniuma, kwa sababu maswali machache kabla ya kufika kwa karani yangewaepusha nalo.

Hatua ya kwanza. Jiulize mgogoro wenyewe unahusu nini, kabla ya kuuliza ni wa pesa ngapi. Mgogoro wa hatimiliki Nyali au wa mpaka wa shamba Kisauni huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu aliyepewa mamlaka hayo, iwapo thamani haijapita kikomo chake. Kuli wa Kilindini aliyefutwa kazi isivyo haki aelekee Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, tena asikawie, kwani sheria humpa miaka 3 tu. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, mahakama hizi mbili zina hadhi sawa na Mahakama Kuu.

Hatua ya pili. Ikiwa wahusika wote ni Waislamu na shauri ni la ndoa, talaka, mirathi au hadhi ya mtu binafsi, mlango wa Kadhi uko wazi. Sisi wa mwambao tunaijua mahakama hii tangu enzi za Sultani wa Zanzibar; makubaliano ya Sultani na Waingereza ya 1895 yaliiacha iendelee, na yale ya 1963 yakaahidi kuihifadhi wakati ukanda wa pwani ulipoingia Kenya. Hata hivyo mamlaka yake ni hayo manne pekee. Deni la biashara, hata likiwa baina ya Waislamu wawili walioandikiana mbele ya imamu, halimhusu Kadhi.

Hatua ya tatu. Sasa tazama kiasi. Dai la pesa, bidhaa au huduma lisilozidi shilingi 1,000,000 hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Kwangu mimi hakuna mlango uliomfaa mchuuzi wa Kongowea kuliko huu. Kiasi kikizidi hapo, hakimu mkazi husikiliza hadi milioni 5 na hakimu mkuu hadi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Hatua ya nne. Asiyeridhika na uamuzi wa hakimu au wa Kadhi kwa kawaida hukata rufaa Mahakama Kuu, ndani ya siku 30 katika madai na siku 14 katika jinai. Juu yake ni Mahakama ya Rufaa, ambayo huketi hapa Mombasa pia, na mwisho kabisa ni Mahakama ya Juu yenye majaji 7.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nadai milioni 1.3. Je, naweza kuligawa deni hili mara mbili?
La, dada yangu. Sheria hairuhusu dai moja kukatwa vipande ili litoshe katika Mahakama ya Madai Madogo. Lipeleke kwa hakimu.

Ndugu zangu wamefungua mirathi ya marehemu baba kwa Kadhi, nami sitaki. Nalazimika?
Hulazimiki, kaka. Katiba inataka wahusika wote wakubali mamlaka ya Kadhi. Lakini sema hivyo mapema na kwa maandishi, kabla hujaanza kushiriki katika kesi.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu alikamatwa Ijumaa jioni, na polisi wanasema atafikishwa kortini Jumatatu. Ni halali?
Marahaba, mama. Kanuni ni saa 24, lakini zikiishia siku isiyo ya kazi mahakamani, mshukiwa hufikishwa siku ya mahakama inayofuata. Wakati huo huo, nenda kituoni uombe dhamana ya polisi, na ukitoa pesa taslimu usiondoke bila risiti.